Kupunguza Kidevu: Dawa au Matamanio?

Ndugu zetu wasomaji, tumeletewa suali ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, tena laweza kumchekesha mtu asiyelitia akilini. Lakini tulipolishika tuliliona zito, na limetukalisha darsani jioni tatu. Suali lenyewe ni hili: Je, yafaa Muislamu kumwendea daktari ampasue, au ampige sindano, ili amwondolee mafuta yaliyojikusanya chini ya kidevu, hali ya kuwa hana maradhi yoyote ila hapendezwi na sura yake?

Aliyelileta ni bibi mmoja wa mji wetu, mtu mzima mwenye watoto wanne, mwenye heshima zake na sala zake. Alikuja baada ya sala ya alasiri pamoja na mamake mzazi, akakaa nyuma ya pazia, akatueleza mambo yake bila ya kuzungukazunguka. Alisema kwamba tangu kuzaa mtoto wa tatu shingo yake imejaa, na chini ya kidevu chake pametokea kidevu cha pili. Alipunguza chakula; mwili ukapungua, kidevu kikabaki. Mumewe amempa jina. Siku alizomwoa alikuwa akimwita mwari, kama aitwavyo bibi arusi. Na sasa pia humwita mwari, lakini akikusudia yule ndege mwenye mfuko chini ya mdomo. Humwita hivyo mbele ya watoto, na mbele ya marafiki zake wajapo kunywa kahawa, nao hucheka. Yule bibi amekwisha kuuliza bei kwa daktari, na amekwisha kuvipeleka vikuku vyake vya dhahabu kwa sonara vipimwe. Vikuku hivyo ndivyo mahari yake.

Twakiri mbele yenu kwamba jibu letu la kwanza lilikuwa la haraka. Mmoja wetu alisema kuwa ni haramu, kwani ni kugeuza umbo la Mwenyezi Mungu, nasi wengine tukaitikia kwa vichwa. Bibi yule akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mashekhe, mtoto wa ndugu yangu alizaliwa mdomo wake wa juu umepasuka, na ninyi ndinyi mliotuchangia gharama za kumpasua. Lile halikuwa umbo la Mwenyezi Mungu? Na yule mzee asaliye safu ya mbele, aliyetiwa meno ya bandia, yeye amegeuza nini?"

Hatukuwa na jawabu. Tulimwomba atupe siku chache tukatazame vitabu na tuwaulize wajuzi. Hayo tuyaandikayo leo ndiyo tuliyoyapata, na twayaandika kwa kuwa twajua ya kwamba hakuwa yeye peke yake. Suali hili limo katika nyumba nyingi za mji huu, ila wenginewe hawajapata ushujaa wa kuja kuliuliza.

Maulamaa wa usuli wametufunza kwamba mtu hawezi kukihukumu kitu ambacho hajakifahamu. Kwa hivyo tulianza kwa kumwuliza daktari mmoja ambaye huhudhuria darsa zetu. Alitwambia kwamba mafuta ya chini ya kidevu hayana sababu moja. Wako wanaoyapata kwa kunenepa; wako wanaoyarithi kwa wazee wao, hata ukawaona wembamba wa mwili na kidevu chao kimejaa; wako ambao mfupa wa kidevu chao umeumbwa mdogo, basi ngozi na nyama hukosa pa kunyoka; na wako ambao umri tu umeilegeza ngozi. Tena yako maradhi yanayojifananisha na unene: rovu, kuvimba kwa tezi za mate, na dawa nyingine ambazo zikitumiwa muda mrefu huujaza uso na shingo. Kwa ajili hii, alisema, mtu anayeona shingo yake imebadilika haifai kuanza kwa kumtafuta mpambaji. Aanze kwa kumtafuta tabibu amchunguze.

Ama njia za kuyaondoa mafuta hayo ni nne. Ya kwanza ni kuyavuta. Daktari hutia ganzi, akatoboa vitundu vidogo chini ya kidevu au nyuma ya ndewe za masikio, akapitisha mrija mwembamba akayanyonya. Njia hii ya kuvuta mafuta mwilini ilienea tangu miaka ya 1970 kwa kazi za madaktari wa Ulaya, kama Giorgio Fischer wa Roma na Yves-Gérard Illouz wa Paris. Ya pili ni kuipasua shingo, kuukaza msuli uliolegea na kuikata ngozi iliyozidi. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Ya tatu ni sindano ya asidi ambayo asili yake ni katika nyongo, nayo ndiyo mwili huitumia kusagia mafuta ya chakula. Serikali ya Marekani iliiidhinisha mwaka 2015 kwa mafuta ya chini ya kidevu. Wala isidhaniwe ni sindano moja: katika kikao kimoja mtu aweza kuchomwa mara 50, na vikao vyaweza kufika sita, baina ya kimoja na kingine upite mwezi. Ya nne ni kuyagandisha mafuta kwa baridi ya mashine mpaka yafe, na mwili uyaondoe wenyewe kidogo kidogo.

Tulimwuliza khatari zake. Akasema kwamba kwa mikono ya daktari mjuzi wengi hutoka salama, wala hakutaka kututia khofu isiyo na sababu. Lakini pembezoni mwa taya hupita mshipa mdogo wa fahamu unaoshusha pembe ya mdomo, na mshipa huo ukiguswa mtu hucheka upande mmoja. Katika majaribio ya ile sindano ya nyongo, takriban watu wanne katika kila mia walipatikana na jambo hili. Wote walipona, wengine kwa siku chache na wengine baada ya miezi. Wako pia waliopata taabu ya kumeza, waliovimba, na waliokufa ganzi pahala pale. Na mafuta yakitolewa katika ngozi iliyokwisha kulegea, ngozi huning'inia, ikawa aibu iliyoondoka ni ndogo kuliko iliyokuja. Ama wale wanaochomana sindano hizi vyumbani bila ya kuwa madaktari, khabari yao ni nyingine kabisa. Mwaka 2023 idara ya dawa ya Marekani iliwaonya watu juu ya sindano za kuyeyusha mafuta zinazouzwa katika mitandao bila ya kuidhinishwa, kwa kuwa ziliwaacha watu na makovu na madonda. Kujitia katika jambo kama hilo ni kujitupa katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe, wala halihitaji fatwa.

Sasa na tuingie katika sheria. Twajua sote kwamba katika Surat An-Nisaa Mwenyezi Mungu ametukhabarisha kiapo cha Iblisi, ya kwamba atawaamrisha watu waligeuze umbo lake Mola. Na katika hadithi ya Ibn Masuud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wanaochanja ngozi kwa rangi, na wanaonyonyoa nyusi, na wanaochonga meno yapate mwanya kwa ajili ya uzuri. Hizi ndizo dalili alizozishika mwenzetu, na ni dalili za kweli. Kosa letu halikuwa katika dalili. Lilikuwa katika kuzitupa juu ya kila kitu bila ya kupima.

Kwani dini hiyo hiyo imetupa khabari ya sahaba Arfaja bin Asaad. Yeye alikatwa pua vitani zama za Ujahilia, akajitilia pua ya fedha, ikamnukia vibaya. Basi Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamuru atie pua ya dhahabu. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Dhahabu ni haramu kwa wanaume, juu ya hayo ikaruhusiwa ili mtu awe na uso wa kuwakabili watu nao. Na Imamu Nawawi, ambaye sisi watu wa madhehebu ya Shafii twamtegemea, alipoisherehesha ile hadithi ya meno aliliangalia neno la uzuri lililomo ndani yake, akasema kwamba kilichokatazwa ni kile kifanywacho kwa kutaka uzuri. Ama kikihitajika kwa matibabu, au kwa aibu iliyo katika jino, hapana ubaya. Na tukiwaendea matabibu wa Kiislamu, Abul Qasim Az-Zahrawi wa Andalusi, aliyekufa karibu na mwaka 1013, ameandika katika kitabu chake At-Tasrif namna ya kuwapasua wanaume ambao vifua vyao vimejaa mafuta vikafanana na vya wanawake. Basi kisu cha kuondoa aibu si kitu kipya kwetu, wala hakikuletwa na Wazungu.

Katika zama zetu, Baraza la Fiqhi lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, mwezi wa Julai 2007, likatoa azimio juu ya upasuaji wa urembo. Muhtasari wake ni kwamba yafaa kurudisha kiungo katika umbo lake la kawaida, na kutengeneza kasoro za kuzaliwa au za kuzukia, na kuondoa ubaya wa sura unaomletea mtu madhara ya mwili au ya nafsi. Haifai kuligeuza umbo lililo la kawaida kwa kufuata matamanio na kuwaiga watu. Na kwa khasa limezungumza juu ya unene: kwamba yafaa kuupunguza kwa njia za kitabibu, hata kwa kuvuta mafuta, ikiwa unene huo umekuwa ni maradhi, na hapana njia nyingine, na madhara yameaminika.

Kwa hayo tumepata mipaka miwili iliyo wazi. Mwenye rovu, au mwenye shingo nzito inayomziba pumzi akilala, huyo ni mgonjwa na ajitibu. Mtoto wa mdomo uliopasuka, na aliyeungua moto, na aliyevunjika taya, hao wana aibu ambayo mtu wa mji wowote na wa zama zozote akiiona hujua kwamba kitu kimetoka katika desturi ya umbo la binadamu. Yule bibi alikuwa na haki ya kutuuliza, na jawabu la mtoto wa nduguye ni hili. Na upande wa pili, mtu mwenye kidevu kizima atakaye kidevu cha fulani aliyemwona katika picha, huyo yumo katika katazo, wala hatuoni mlango wa kumtoa.

Uzito uko katikati. Kidevu cha pili si maradhi, wala si kasoro iliyotoka katika desturi ya umbo. Maelfu ya watu wanacho na wanaishi nacho. Lakini ni kweli pia kwamba mwenye nacho aweza kuteseka nafsi yake, na azimio lile limeyahisabu madhara ya nafsi. Basi twafanyaje? Wako wanaosema: mafuta si umbo, mafuta ni kitu kilichozidi juu ya umbo, na kuyaondoa ni kulirudisha umbo, si kuligeuza. Kauli hii ina nguvu yake, wala hatuidharau. Sisi wenyewe huwaambia watu wapunguze matumbo yao, na twawakumbusha ile hadithi ya Tirmidhi ya kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula na la maji na la pumzi. Lakini hadithi hiyo yenyewe yatuonyesha mlango. Kilichoingia kwa mdomo kina njia ya kutoka isiyokuwa kisu, nayo ni kujizuia na kutembea. Na anayeiacha njia hiyo kwa uvivu akaenda kununua wembamba kwa daktari, hakika amelipia uvivu wake. Ama kilichobaki baada ya mtu kujizuia kwa kweli, kama kilivyobaki kwa yule bibi, hicho si cha chakula tena.

Tulipofika hapa, jioni ya pili, ndipo mamake aliposema. Siku zote mbili alikuwa kimya. Alisema: "Mwanangu, kidevu hicho ni changu. Na kabla yangu kilikuwa cha nyanya yako. Babako alikaa nacho miaka arubaini, wala sikumsikia hata siku moja akikitaja." Nyuma ya pazia hapakuwa na sauti kwa muda, na kwetu pia hapakuwa na sauti.

Neno lile la mama lilitufungua macho kuliko vitabu tulivyokuwa tumevifunua. Kidevu ni kile kile, katika nyumba ya mama kilikuwa si kitu, na katika nyumba ya binti kimekuwa msiba. Kilichobadilika si nyama. Ni jicho linalotazama na ulimi unaosema. Na tulizidi kufikiri tukaona jambo jingine. Bibi huyu atokapo hujitanda. Mchuuzi wa sokoni hakioni kidevu chake, na sisi tuliokizungumza siku tatu hatukukiona wala hatutakiona. Wanaokiona ni mumewe na watoto wake na jamaa zake na wanawake wenziwe. Basi ubaya huu wote umetengenezwa ndani ya nyumba moja, kwa neno moja la kuchekesha, likarejewa mpaka likawa na uzito wa dhahabu. Tena tumewasikia wazee wetu wakimsifu mwanamke kwa mikunjo ya shingo yake, wakaona unene wake ni neema juu ya mumewe. Leo macho ya vijana yamefunzwa na picha za simu kutaka taya lililochongeka. Kesho yatafunzwa nini? Jicho hurudi, lakini kisu hakirudi.

Twapenda kutoa kwa haya kipimo ambacho kila mtu aweza kujipimia. Ajiulize mtenda jambo hili: lau watu wote wangenyamaza leo, wasinitaje kwa kheri wala kwa shari, je, ningeendelea kuumia? Mwenye mdomo uliopasuka ataendelea, kwani maziwa humtoka na maneno humpotea. Mwenye rovu ataendelea. Lakini ikiwa maumivu yatakoma pamoja na maneno, basi maradhi yako katika ndimi za watu, na haijuzu kumpasua mtu mzima kwa maradhi ya mtu mwingine. Na ajiulize la pili: nikishapata nitakacho, nitatosheka? Kioo hakina kutosheka. Linda Evangelista wa Canada alikuwa miongoni mwa wanawake ambao uso wao ulionyeshwa duniani kote kwa uzuri. Juu ya hayo aliona haja ya kugandishiwa mafuta kwa ile mashine ya baridi. Na mwaka 2021 alitangaza kwamba badala ya kupungua, mafuta yalikua na kuwa magumu, akajificha watu wasimwone kwa miaka. Madaktari wanajua kwamba jambo hili hutokea kwa nadra. Hatulitaji kwa kumshangilia mtu katika msiba wake, Mungu atuepushe. Twalitaja kwa kuwa laonyesha kuwa uzuri wenyewe haumpi mtu amani na kioo, ikiwa hata yule aliyesifiwa na ulimwengu hakuipata.

Hapo najua wako kina mama watakaotwambia: ninyi wanaume ndinyi mnaotuhubiria tutosheke na maumbo yetu, na ninyi ndinyi mnaochagua wake kwa maumbo yao. Neno hili ni kweli, na haifai tulikimbie. Na twaongeza jingine juu yake. Katika darsa yetu hamna hata mmoja aliyepita miaka arubaini ila ana kidevu cha pili. Pilau za maarusi na halua za maulidi hazikumwacha mtu. Lakini sisi tuna ndevu, na ndevu ni pazia la kidevu. Basi hatujapata kuitwa kwa jina la ndege. Twafuga ndevu kwa kufuata sunna, na Mungu aikubali nia. Lakini yafaa tujue kwamba kwa sunna hiyo tumesitiriwa aibu ambayo wake zetu hawakusitiriwa, na mtu aliyesitiriwa hamcheki aliye wazi.

Kwa hivyo jibu letu lilikuwa na sehemu mbili, na ya kwanza tulimpa yule bibi. Tulimwambia kwamba kwanza amwone tabibu ahakikishe kuwa shingo yake haina maradhi. Na likipatikana la maradhi, hukumu yake ni dawa, na sisi tutasimama naye kama tulivyosimama na mtoto wa nduguye. Ikiwa hapana maradhi, basi kwa tuyaonavyo haimfai kujipasua wala kujichoma, kwani anaiweka mishipa yake mizima katika khatari, na anatoa mali yake, kwa ajili ya kitu ambacho si kasoro. Tulimwambia pia kwamba huzuni yake hatuihisabu kuwa ni upuuzi. Mtu aliyedharauliwa nyumbani kwake amejeruhiwa, na jeraha hilo lahitaji kutibiwa pahala lilipo. Na tulimwambia kwamba vikuku ni mali yake, hapana mwenye amri juu yavyo ila yeye. Lakini auza mahari aliyopewa na mume ili anunue kunyamaza kwa mume huyo huyo, na hiyo ni biashara ya khasara, kwani mwenye ulimi wa dhihaka akikosa kidevu atapata kiuno, na akikosa kiuno atapata mvi.

Sehemu ya pili tulimpa mumewe. Kwa idhini ya bibi tulimwita, naye akaja, ni mtu mwema, mchangamfu, apendwaye barazani. Alisema: "Mashekhe, ni mzaha tu, mimi na mke wangu twapendana." Tulimwuliza kama anajua kwamba mzaha huo umeufikisha mkono wa mkewe kwa sonara. Hakuwa akijua. Tulimkumbusha Surat Al-Hujurat, namna Mwenyezi Mungu alivyowakataza waumini wasidharauliane wala wasipeane majina mabaya, na kwamba amewataja wanawake mbali na wanaume katika katazo hilo, ili pasiwe na mtu wa kusema halinihusu. Aliinamisha kichwa. Nasi hatukuwa na furaha katika kumwonya, kwani wawili katika sisi tumekunywa kahawa katika baraza yake, tumelisikia lile jina la ndege, na tulicheka. Hatukumjua ni nani aliyekuwa akisikia nyuma ya mlango. Basi katika hukumu hii sisi pia tumo, na tulimwambia hivyo, na tumemwomba yule bibi atusamehe.

Ndugu zetu, asije mtu akalichukua jarida hili akaenda kumnyoshea kidole mwanamke aliyekwisha kufanya jambo hili, au mwanamume, kwani siku hizi wanaume nao wamo. Aliyefanya amekwisha kufanya. Baina yake na Mola wake pana mlango wa toba ulio wazi, na huenda alikuwa na udhuru ambao wewe huujui. Kumdhihaki kwa kujitengeneza ni dhambi ile ile ya kumdhihaki kwa kutojitengeneza, imegeuka uso tu. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Surat At-Tin kwamba amemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora, na hakuvua humo wenye videvu vinene. Anayeiamini aya hiyo imani yake yajulikana zaidi kwa namna amtazamavyo mkewe asubuhi kabla hajajitanda, kuliko kwa namna awakemeavyo wanawake juu ya mimbari.

Mpaka tuandikapo haya, vikuku vya yule bibi viko nyumbani kwake. Juu ya kidevu hajatwambia neno, nasi hatukumwuliza. Mamake alipita jana kuleta sadaka ya kahawa ya darsa, akatusalimu kwa niaba ya watu wa nyumba, akaenda zake.

Mwenyezi Mungu atutengenezee nyoyo zetu kabla ya nyuso zetu, na azihifadhi ndimi zetu na wale tunaoishi nao. Wabillahi tawfiq.